Bunduki Isiyo na Risasi Zake

Nakumbuka vizuri siku ambayo kaka yangu Wilondja aliingia uani kwetu na bunduki begani, na mama yetu akampigia vigelegele. Kaa hapo kitandani, Isaya mjukuu wangu, na uzime hiyo simu. Mlango nimeufunga. Nataka uyasikie haya kabla hujapanda basi lako, maana ukishavuka mpaka sauti yangu haitakufikia.

Tulikuwa upande wa Fizi, milimani juu ya ziwa, miaka michache baada ya Wabelgiji kutupa uhuru. Vijana wetu walikuwa wameasi. Usiniulize nani alikuwa na haki. Nilikuwa msichana tu, na tangu hapo nimezeeka bila kupata wa kunieleza. Tulichokijua ni kwamba silaha zilikuwa zinavuka ziwa kutoka ng'ambo, ndani ya masanduku, na kila kijana alitaka ya kwake.

Ya Wilondja haikufanana na za wenzake. Ilikuwa fupi na nzito, ina kitako cha mbao, na risasi zake zilikuwa nene kama kidole gumba cha mtoto. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya kizungu ambayo hayakuwa Kifaransa. Lakini sanduku lililoileta lilikuwa na herufi nyingine kabisa, ambazo hata mwalimu wetu wa misheni hakuzitambua.

Jirani yetu Mzee Asukulu akaja kutazama. Huyo alikuwa askari wa Wabelgiji wakati wa vita vya pili vya Wajerumani, na walimpeleka mpaka nchi za Waarabu kulinda bohari. Akaipokea ile bunduki, akaigeuza huku na huku.

“Hii naijua,” akasema mwishowe. “Ni ya Wamarekani. Walikuwa wakiwapelekea Warusi, wakati ule walipokuwa marafiki. Kifaru kikishuka melini, unaikuta moja ndani yake, imefungwa kwa karatasi yenye grisi. Warusi walivipenda vile vifaru. Hizi waliziweka kando, na hizo herufi za sanduku ni zao.”

“Kwa nini? Ni mbovu?”

“Si mbovu. Inaua vizuri sana. Lakini risasi zake hutengenezwa na wenyewe walioitengeneza. Mrusi za kwake ni nyembamba. Zile alizopewa zikiisha, angepata wapi nyingine? Na wewe Wilondja, zako zikiisha?”

Kaka akacheka. “Wataleta tu, baba. Safari hii tuna marafiki wa kweli.”

“Marafiki wa nani? Wale waliopeana bunduki hii leo hawasalimiani. Ndiyo maana imefika kwako.”

Halafu akamshika mkono, jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya ovyo kwa kijana. Akamwambia, “Irudishe kesho. Sema unaumwa. Sema ni mimi niliyekukataza, waje wanipige mimi.”

Mama alimfukuza. Alimwita mchawi, mbele ya watu wote, akisema anamwonea mwanawe wivu. Mzee wa watu akachukua fimbo yake akaondoka, na hakutia tena mguu kwetu mpaka siku ya msiba.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea kaka bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huko kambini kwao. Mwanzoni nilimkuta ana furaha, anawachekesha wenzake, na mimi nilitembea pale kwa maringo kama dada wa mkubwa fulani. Mara ya mwisho nilimkuta ameketi juu ya jiwe peke yake. Mbele yake kulikuwa na sanduku jipya limefunguliwa. Alikuwa akichukua risasi, anaijaribu, anaitupa, anachukua nyingine. Zote zilikuwa nyembamba. Zilicheza ndani ya chuma na kudondoka majanini.

“Yaya, kaka yangu, waambie wakupe zinazoingia,” nikamwambia.

“Nimewaambia. Hazipo. Labda hazitakuwepo tena.” Hakuniangalia. “Mkubwa amesema twende hivyo hivyo. Niishike tu. Adui hawezi kujua kama ndani hamna kitu.”

Alikula chakula chote, akanipa sahani. Nilikimbia njia nzima kumwambia baba. Baba aliacha jembe shambani, akaondoka vile vile na matope miguuni, kwenda kumtoa mwanawe kule. Nami nikamfuata nyuma ingawa alinikataza.

Tulichelewa. Walikuwa wameshapelekwa darajani. Tulimkuta Wilondja ukingoni mwa mto, kalala ubavu, na wenzake waliokufa wamemzunguka. Waliowaua walikuwa wamewavua wote viatu na kuchukua silaha zao. Lakini kaka bunduki yake ilikuwa bado mikononi. Waliiangalia wakaiacha. Hata adui hakuitaka, mwanangu.

Baba aliitupa mtoni. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini sikumsikia akipiga vigelegele tena, hata siku nilipoolewa mimi.

Nikadhani yale yameisha. Nikazaa, nikalea, na baba yako alipokuwa mtu mzima, nawe bado unanyonya, wakaja watu wengine na masanduku mengine. Nilimwambia habari za mjomba wake, yote haya ninayokwambia wewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyonisikiliza wewe sasa, halafu akaenda. Kaka nilimpata nikamzika. Baba yako hata mwili wa kuzika sikupata.

Ndipo, mama yako naye akiwa ameshatutoka, nikakufunga mgongoni nikaja huku kusini mwa Afrika, mji baada ya mji, mpaka mtaa huu wa La Rochelle, kushona sare za watoto wa shule za watu. Niliona heri ulale njaa ugenini kuliko ushibe kule.

Najua kinachokusukuma. Unasimama mlangoni mwa duka kule Newtown tangu asubuhi, na kijana mdogo kuliko wewe anakuita kwerekwere, tusi lao kwa wageni, huku ukimfungulia mlango. Karatasi zako za kuishi hapa, kila mara wanasema urudi siku nyingine. Halafu kwenye ile mikutano ya watu wa kwetu kule mtaa wa Berea yupo bwana mmoja mwenye suti anayekuita kamanda. Nani asingekwenda kupigana? Juzi uliniambia, ukiniita nyanya kwa lugha ya hapa, “Eish, Gogo, hizo zako ni habari za zamani. Sasa silaha ni mpya, na tuna watu huko nje.” Nikaenda jikoni, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nimemsikia Wilondja.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sina nyingine. Mtu akikupa bunduki, muulize risasi zake zinatengenezwa wapi, na siku akigombana na anayezitengeneza wewe utasimama na nini. Muulize mtoto wake wa kiume yuko wapi leo. Kama yuko shuleni, au anauza dukani, mwambie na wewe una nyanya yako wa kumtunza. Na yeyote atakayekuambia uishike tu ili adui adhani ina risasi, mwanangu, kimbia. Tupa kila kitu ukimbie.

Sijui kama utanisikia. Nimewahi kuyasema haya kwa aliyenipenda kuliko wewe, na hayakumzuia. Sina nguvu ya kukufungia humu ndani, na hapa pia sina la kukuahidi.

Inamisha kichwa nikushike. Mungu wa baba zako akutangulie uendako, na akuzingire pande zote. Akujalie kubaki, na ukibaki, akupe jina lako mbele za watu. Na kama hutaki kubaki, basi akutie woga, Isaya, woga mwingi, akurudishe kwangu ukiwa hai, hata kama utarudi kwa aibu na watu wakucheke. Aibu tutaishi nayo mimi na wewe. Amina.