Ngoma yangu ya Walikale kwenye kisiwa cha miamba, Ziwa Kivu

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, maana kila nikiusoma naona kuna neno halijakaa sawa. Leo naubandika hivyo hivyo. Yaliyomo yalinipata mimi mwenyewe, na nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Sasa nina vitukuu. Haya ni ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa Walikale, kule msituni, niliyehamia kwa shangazi yangu kijijini Karuba, kwenye vilima vya Masisi.

Kazi yangu ilikuwa kibarua cha kuchuma maua ya pareto. Nikitoka shambani nachonga ngoma.

Hakuna aliyenifundisha. Kwetu nilikuwa nachukua ngoma ya mtu, natia mkono ndani, napapasa unene wa mbao, kisha naenda kujaribu mwenyewe.

Kwa wasiojua: hii ni ngoma ya mti mtupu, haina ngozi. Gogo linatobolewa mdomo mrefu kwa juu, na tumbo lake linachimbwa kupitia mdomo huo huo. Ubavu mmoja unaachwa mnene, mwingine mwembamba, ndipo unapata sauti mbili. Msituni ilikuwa inaita watu kijiji hadi kijiji.

Shangazi alinitafutia bahati. Mama Nyota, kiongozi wa akina mama wa kanisa kwenye kisiwa kimoja upande wa kaskazini wa ziwa, alitaka ngoma ya kuita watu kwenye sala.

Makubaliano yalikuwa mepesi. Ikisikika mpaka ghuba ya mwisho ya kisiwa, nitachonga nyingine za vikanisa vya pwani na kuachana na pareto. Isiposikika, narudi nayo mgongoni.

Wakuu, nilikonda. Niliilainisha ngoma ile hata mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Tuliishusha kwa miguu na vibarua wenzangu hadi Sake, ukingoni mwa ziwa, nikapanda mtumbwi wa Papa Bahati, mvuvi mwenye mabega mapana na maneno machache. Tulipita karibu na mawe meusi ya volkano, yale yaliyotiririka yakiwaka mpaka ziwani nilipokuwa mtoto. Nilikuwa nimeshika mbavu za mtumbwi kwa mikono yote miwili.

"Kaka, unashika sana," akasema. "Mutumbwi haitakimbia."

"Papa, kwetu ku mto ninaona ng'ambo."

"Hata hapa ng'ambo iko. Ndio kwenye tunaenda."

Kisha kisiwa kikatokea, na nikasahau kuogopa.

Sijui nikieleze vipi. Ukuta wa mwamba unapanda moja kwa moja kutoka majini, mweusi kwa chini, wa kijani kwa juu, na migomba imeng'ang'ania mahali ambapo mbuzi angesita. Maji yamekula mwamba yakaacha nyufa ndefu, nyingine mtumbwi unaingia. Wimbi likiingia humo, kisiwa kizima kinatoa mlio mzito, *duu*, kama kifua cha mtu anayepumua.

Mimi mtoto wa msitu nilizoea kuona kwa hatua chache tu mbele yangu. Pale macho yangu yalikosa pa kuishia.

Kanisa lilikuwa kileleni, kwenye upepo. Mama Nyota alikuwa mfupi, mchangamfu, mwepesi kuliko sisi wote. Alizunguka ngoma, akaipiga kofi kama ng'ombe wa kununua.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini uzuri haiiti muntu. Niliambia bale ba ghubani, nyuma ya ile mwamba kubwa: wakisikia, watupe majani mabichi ku moto. Tutaona moshi."

Nikapiga.

Nilipiga kama nilivyokuwa nasikia wazee wa kwetu wakipiga, mpaka jasho likaingia machoni. Upepo ulichukua sauti ukaitupa nyuma yetu. Juu ya mwamba mkubwa, anga ilibaki safi.

"Pengine wamelala," akasema Papa Bahati.

"Mchana hii?" Mama Nyota akamjibu. "Wale si wewe."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimeshachukua tezo ya kuchongea. Kichwani mwangu kosa lilikuwa la ngoma, ubavu ule mwembamba haujapungua vya kutosha. Nikakata pigo moja.

"Kaka, wacha," Mama Nyota akasema. "Ile unatoa, utairudisha na nini?"

Nikasimamisha tezo, nikainamisha sikio ili nipime sauti kwa kidole. Sikuweza. Kila nikigonga, mlio wa wimbi kutoka kwenye ufa ulinifunika. *Duu*. Nikangoja upite, ukarudi.

Ndipo nikajiuliza: upepo huu umemeza ngoma yangu nzima, mbona haumezi mlio wa maji yale yaliyo chini kabisa?

"Papa," nikasema, "tuishushe mule ndani."

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya mwamba."

Akashika upande wake wa gogo. Tuliitelemsha kwa kamba za migomba mpaka kwenye kibao cha jiwe kikavu ndani ya ufa. Mama Nyota alibaki juu kuangalia.

Nikapiga polepole tu.

Wakuu, ukuta mmoja uliipokea sauti ukaurushia mwingine, ikatoka juu ya maji ikiwa kubwa kuliko mimi. Ndege waliruka kutoka kwenye mwamba. Nilisikia ngoma yangu ikizunguka kisiwa kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba.

Kisha Mama Nyota akaita kutoka juu, bila kupaza sana: "Wamechoma, wamechoma. Moshi hii hapa."

Sikuuona kwa macho yangu ulipopanda. Papa Bahati alipoleta mtumbwi kunitoa, niliukuta umeshakuwa mwembamba, wa bluu, nyuma ya mwamba. Nililia, na yeye akajifanya anakagua kasia.

Pareto sikurudia. Nilichonga ngoma za pwani ile kwa miaka, na kila mahali nilianza kwa kukaa kimya nisikilize mawe kwanza. Ile alama ya tezo ilibaki ubavuni mwa ngoma ya kwanza. Inaniuma mpaka leo, siwezi kusema uongo.

Nilichojifunza: kabla hujajikata wewe au kazi yako, angalia kwanza mahali ulipoiweka.

Haya, mimi nimepiga. Anayesikia huko aliko, atupe majani mabichi motoni tuuone moshi wake.