Mpima visima wa Pasvalys na daftari lake la safu tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Vygantas Rimšelis anainama juu ya kisima cha Bibi Stanislova Kregždienė, chupa ya kupimia mkononi. Kabla hajaifungua, bibi anampa kikombe cha bati chenye maji ya kisima hicho.

"Kunywa kwanza. Mtu hahukumu kisima asichokinywea."

Vygantas anakunywa chote. Kwa miaka ishirini na mitatu amepima visima vya vijiji vya Pasvalys, kaskazini mwa Lithuania, na hajawahi kukataa kikombe. "Ukikataa, hutasikilizwa tena," anasema. "Na kikombe kimoja hakimuui mzee kama mimi."

"Basi andika maji ni matamu, uende zako," anasema Bibi Stanislova, mwenye miaka themanini na mmoja.

Lakini leo Vygantas hakuja kuonja. Wiki tatu zilizopita maabara ilimtumia bibi huyu majibu: nitrati miligramu tisini na nne kwa lita, wakati kikomo ni hamsini. Na Jumamosi, kitukuu wake Austėja, mtoto wa wiki saba anayelishwa kwa chupa, analetwa kukaa naye hadi sikukuu ya katikati ya kiangazi.

"Karatasi uliisoma, Bibi?"

"Yote. Nimeibandika kando ya kalenda. Nilielewa namba tu. Nikasema, haya, kuna uchafu, nitamchemshia mtoto maji dakika ishirini."

Vygantas anaweka chupa chini.

"Bibi, usichemshe! Uchafu huu si mdudu, haufi kwa moto. Mchuzi ukizidi chumvi, ukauchemsha ukapungua, chumvi inakwenda wapi?"

"Inazidi, bila shaka. Unanifundisha kupika?"

"Na haya maji ni hivyo hivyo."

"Uchafu gani huo? Mimi nafua hata kamba ya ndoo!"

Vygantas anatazama bustani. Hatua nne kutoka kisimani kuna matuta ya matango, na kando yake mfuko mweupe uliofunguliwa mdomo.

"Ule mfuko ni wa nini?"

"Salietra. Chembechembe za kuyapa matango nguvu. Nani asiyejua salietra?"

"Ndiyo hiyo, Bibi. Nitrati iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyomo kwenye salietra yako. Mvua inaifua kutoka kwenye matuta, inashuka nayo kisimani. Mtu mzima anaivumilia kiasi, lakini damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa, anageuka rangi ya bluu."

Bibi Stanislova anakaa kwenye ukingo wa kisima. Kisha anawaka.

"Mbona hamkuandika salietra? Ningeelewa papo hapo! Mmesoma mpaka mmesahau kusema?"

Vygantas anacheka, kwa sababu hilo ndilo lalamiko lake mwenyewe.

Alianza kazi akiwa mpakua mizigo katika ghala la mbolea. Alisoma kemia shule ya jioni, mikono ikinuka amonia, akamaliza akiwa na miaka thelathini na minne. "Mwalimu alituambia oksijeni kwetu inaitwa *deguonis*, jina lililotoka kwenye kuungua, na haidrojeni ni *vandenilis*, lililotoka kwenye maji," anakumbuka. "Nikasema, aliyeunda maneno haya alimfikiria msomaji wake."

Mitambo mipya ya maabara ilipokuja na vitabu vya Kiingereza, alinunua daftari gumu na kulichora safu tatu: neno la Kiingereza, neno la Kilithuania la vitabuni, na lile linalosemwa kisimani. Sasa lina mistari mia nne na kumi na miwili. Kwenye mmoja, safu ya kwanza ina "leaching" na ya pili *išplovimas*. Ya tatu, aliyopewa na mkulima mmoja aliyekuwa akikamua ng'ombe, inasema tu: mvua imefua shamba.

Kwa miaka miwili alimwomba mkuu wa maabara, mkemia Eimantė Vaitelytė, aiweke safu hiyo ya tatu kwenye karatasi za majibu. Eimantė alikataa, lakini si kwa ubaya.

"Salietra ni mbolea, nitrati ni nitrati," anaeleza. "Tena hutoka pia kwenye samadi na vyoo. Nikiandika salietra peke yake, mwenye ng'ombe atasema hainihusu. Karatasi yenye muhuri haiandikwi kama barua ya shangazi."

Aliyemlegeza ni Bibi Stanislova. Mchana ule ule alipiga simu maabara, wakazungumza dakika ishirini na tano.

"Aliniuliza kama mama yangu yu hai na kama ana kisima," anasema Eimantė. "Nikasema ndiyo, yote mawili. Akaniuliza, je, naye umemtumia karatasi kama yangu? Nikachukua kalamu."

Walikubaliana neno la vitabuni libaki juu, na chini yake sentensi mbili za kawaida zitaje salietra, samadi na choo, na kuonya kwamba kuchemsha hakusaidii. Majaribio yataanza Septemba katika vijiji arobaini.

Jumamosi Austėja alifika, akanywa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya dukani. Mfuko wa salietra umehamishiwa bandani, na maji ya kisima sasa ni ya kufulia na kumwagilia. Huenda ikachukua misimu kadhaa mpaka yasafike. "Matango yatakuwa madogo," analalamika bibi, mtoto begani. "Na yawe madogo!"

Vygantas anastaafu mwakani. Kabla ya hapo anataka daftari lichapishwe, nakala moja kwa kila kijiji. Na ana tamaa nyingine.

"Mpaka leo ilibidi nije mwenyewe ndipo mtu aelewe," anasema, akifunga chupa zake kwenye sanduku la barafu. "Nataka siku moja karatasi peke yake imweleweshe bibi mpaka aikasirikie, kama nilivyokasirikiwa mimi hapa kisimani, nami niko nyumbani nakula mkate na jibini."