Mwalimu wa Mawasiliano Ajibu Ujumbe

Mwalimu wa mawasiliano ya biashara alijiona kama tausi kati ya kuku. Mkuu wa chuo alipomtumia ujumbe wa simu, "Vipi mwalimu, tuongeze mkataba? Nijibu leo," alisonya.

"Anaandika kama anaagiza chai."

"Mjibu 'ndiyo' yaishe, baba watoto," mkewe alisema.

"Nitamjibu kitaalamu, ajifunze adabu."

"Na wanao watakula hiyo adabu?"

Akashinda kutwa akitunga barua pepe yenye utangulizi na viambatisho. Mkuu hakuwahi kufungua barua pepe tangu ateuliwe, na chuo kizima kilijua. Jioni mkuu akampa somo lake mwalimu wa michezo, aliyejibu ujumbe kama huo kwa alama ya kidole gumba tu. Mtaalamu wetu angali anasubiri majibu rasmi.