Mlinzi wa Kwenye Mkanda

Miaka ile mambo yalipokuwa ruksa na kila mwenye deki alijiona tajiri, mimi na mume wangu Zuber tulifungua kibanda cha video nyuma ya soko la Tukuyu. Zuber alikaa ndani na mikanda yake, mimi nilikaa mlangoni nikipokea kiingilio na kuuza chai na vitumbua. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Na mniwie radhi nikipandisha sauti, maana hata leo nikiyakumbuka hasira zinanipanda.

Siku hizo Zuber alikuwa ameleta kutoka Mbeya mkanda wa wezi watanashati. Wezi wenyewe wamevaa suti, viatu vinang'aa, wanavuta sigara taratibu, wanaiba almasi kwenye jumba la tajiri huku wanataniana. Zuber Kiingereza alikuwa nacho cha kuombea maji tu, lakini alisimama kando ya televisheni na fimbo akifafanua kila kitu bila haya. Vijana waliupenda mkanda ule kupita kiasi. Kila mchana waliujaza ukumbi, na palipofika pale mlinzi anapogongwa kichwani kwa chupa na kuanguka miguu juu, walicheka hadi mabenchi yakatikisika.

Mzee Asajile aliingia mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Alikuwa ametoka Lupepo na mikungu ya ndizi, ameuza, na mvua ya huku mnaijua, haiulizi mtu kama amebeba mwavuli. Nikamwambia aingie tu, asilipe. Alikaa benchi la nyuma, koti limelowa, kofia magotini. Mlinzi alipogongwa na vijana wakacheka, yeye hakucheka. Picha ilipokwisha, wengine wakatoka, yeye akabaki amekaa.

Akamuuliza Zuber, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa kilichokwenda polepole, yule mlinzi aliamka saa ngapi. Zuber akasema mlinzi yupi. Mzee akamwelekeza: yule aliyeachwa sakafuni, karibu na mlango. Zuber akacheka, akamwambia, mzee, yule hayumo kwenye stori.

"Hayumo vipi?" mzee akauliza. "Amepigwa, amelala, na mahali fulani ana mke. Kama yeye hayumo, nani yumo?"

Zuber akageukia deki, akaanza kurudisha mkanda nyuma.

Kesho yake mzee alirudi, na kesho kutwa pia. Alishikilia kwamba mkanda wetu umekatwa, kwamba kipo kipande ambacho watu wanakuja na machela wanamchukua mlinzi, na sisi tumekificha. Vijana wakampa jina, wakamwita Machela. Akiingia tu, wanaguna. Mmoja akamwambia, babu, yule kazimia tu. Mzee akamgeukia kwa upole kabisa akamuuliza mtu huzimia kwa muda gani.

Mimi ndiye niliyemuuliza ana nini, nilipomletea chai. Ndipo akanieleza. Mwanawe Ackson alikuwa mlinzi kwenye ghala la mnunuzi binafsi wa kahawa, mmoja wa wale waliokuja kwa fujo baada ya ushirika kulegea. Alipewa rungu, koti la mvua na filimbi. Wezi walikuja wakamponda kichwa kwa nondo, wakaondoka na magunia. Hospitali walimlaza mpaka wakasema wamefika mwisho wao, apelekwe nyumbani akauguzwe. Tangu hapo alikuwa kitandani, macho nusu wazi, hasemi, anameza uji akinyweshwa. Mnunuzi alileta mche wa sabuni na pole, halafu akaajiri mlinzi mwingine. Mche wa sabuni, jamani. Ningemjua sura, ningemtapikia maneno hadharani.

Aliyemuuguza ni mkewe, Tusekile. Mama yake Ackson alishafariki, na binti wa kumsaidia hakuwepo. Na hapa lazima niwaeleze wale wasiojua: kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai nyumba moja, hawapeani mkono, hawaongei uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye migomba mpaka mkwe apite. Siku hizi wengine wamelegeza, lakini Mzee Asajile na mkwewe walikuwa watu wa kushika, na kanisani wanakaa pande mbili. Kila mzee alipokwenda kumwona mwanawe, alikohoa akiwa mbali, na Tusekile akatokea mlango wa nyuma akasimama mvuani mpaka mzee aondoke. Siku moja, wakati mkewe yuko nje hivyo, Ackson alipaliwa na mate, na mzee hakujua kumgeuza. Kidogo ampoteze. Toka siku hiyo akaacha kwenda.

"Nikiingia, anatoka anayejua kumhudumia," aliniambia. "Sasa nikamuue mwanangu kwa kumpenda?"

Nikamtolea uvivu. Nikamwambia mzee wangu, mila na mgonjwa wapi na wapi, ingia ukae na mwanao, na mkweo abaki humo humo, Mungu hatakuuliza. Hakukasirika. Akasema mimi Mwislamu wa mjini, siwezi kujua. Tusekile ana heshima ambayo yeye hatamvunjia, hasa sasa ambapo hana kingine alichobakiza. Akanywa chai yake, akaingia ndani kumtazama mlinzi wetu.

Maana ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilielewa. Kukaa na mwanawe hakuweza. Huyu wa kwenye televisheni alikaa naye.

Alikuwa na maoni yake kuhusu picha yenyewe, na yalikuwa na akili kuliko ya wale wote waliokuwa wakipiga miluzi. Suti alizisifu. Alisema mshonaji ni fundi. Lakini alisema wezi wale hawatoki jasho, hawana njaa, hawaogopi, na mtu asiyeogopa haibi, anacheza. Waliompiga Ackson, mwenzake wa lindo aliwaona, walivaa masweta yaliyotoboka na mmoja alikuwa peku. Alisema aliyetengeneza picha ile ni hodari, ila alimwangusha mtu halafu akamruka kama anavyoruka dimbwi. Picha ya namna hiyo, alisema, haijaisha, hata wakiandika mwisho.

Siku ya mwisho, Tusekile alifika mlangoni kwangu anahema, khanga imemlowa, miguu matope hadi magotini. Sikuwahi kumwona kabla, lakini nilimjua kabla hajasema. Majirani walikuwa mashambani wanachuma chai, hakupata wa kumtuma, akamwacha maiti na bibi kipofu wa jirani akaja mwenyewe, na sokoni wakamwelekeza kwangu. Akaniomba nimwitie mkwewe.

Nikaingia. Nikamgusa mzee bega. Akanipungia mkono bila kunitazama. "Subiri, Naima. Wamefika kwa mlinzi."

Kwenye kioo chupa ikashuka, mlinzi akaanguka, vijana wakaangua kicheko chao. Na mle mle ndani ya kicheko nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Tata, Ackson amekufa."

Alikuwa ameingia. Alisimama kati ya mabenchi, mbele ya mkwewe, mbele ya wanaume wote wale. Zuber akazima deki. Hakuna aliyedai kiingilio chake.

Mzee Asajile akainua kofia akajifunika uso, akageukia ukuta. Tusekile naye akapiga magoti na kuvuta khanga yake mpaka puani. Hata hapo. Nilitaka kuwashika wote wawili niwagonganishe vichwa, nilitaka kulia, sijui nilitaka nini.

"Naima," mzee akasema ukutani, "muulize alikuwa na nani."

Nikamuuliza. Tusekile akanijibu mimi, macho chini: "Alikuwa na mimi. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

Mzee akasema, "Mwambie ndaga, namshukuru. Mwambie ule mkono wa pili ulikuwa wangu wa kushika, na sikwenda."

Nikamwambia, ingawa alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mkwewe na maneno yote alishayasikia.