Koko Alivyoizuia Roketi Isitue

Juzi nilirudi Butembo kwenye matanga ya koko, mama wa baba yangu. Nimechoka, rafiki yangu. Siku hizi narudi nyumbani kuzika tu. Wageni walipokuwa wakila viazi na maharage, jirani yetu mwalimu, sasa mama mzee wa kutembea na fimbo, alinivuta mpaka jikoni, akashusha kitabu kutoka darini. Nilikijua hata kabla sijakishika. Kilinuka moshi wa utoto wangu.

Zamani hizo, maharage yakifika kutoka Musienene, wanawake wa mtaa walikuja kuyapukucha uani kwetu. Maganda yalipasuka pa! pa!, sombe, majani ya muhogo, ilichemka, na mwalimu, aliyetumwa kutoka Kasai na serikali ambayo ilimsahau papo hapo, alitusomea. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, habari za jasusi aliyejificha ndani ya roketi ya maadui ili aiharibu, ikaruka naye. Mwalimu alisoma kidogo, akatafsiri kidogo. Wanawake walimgombeza jasusi kama mkwe wao: mtu mzima anapandaje chombo bila kuuliza kinaenda wapi? Nilicheka mpaka maharage yakanimwagika.

Koko hakucheka sana. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa dereva wa Fuso, na barabara zetu unazijua. Kwa hiyo aliweka sheria yake mwenyewe: baba mdogo akiwa safarini, hadithi isisogee.

"Mwalimu, mutoto wangu angali mu barabara. Ile roketi ibakie kule juu kwanza."

Basi mwalimu alirudia kurasa za nyuma, nasi tukavumilia. Honi ya Fuso ikilia kwenye kona tulishangilia mara mbili, kwa ajili ya baba mdogo na kwa ajili ya jasusi.

Ilikuwa imebaki sura moja tu baba mdogo alipopeleka viazi Beni. Fuso ilipatikana. Yeye, hapana. Koko aliendelea kupukucha maharage yake, na kitabu akakipandisha darini, juu ya moshi, kikakaa huko mpaka amekufa.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini hakumhurumia koko, akamwambia tu mwisho wa hadithi. Akaegemea fimbo.

"Nilimuambia, mutoto wangu. Miye nilikuwa nimesha kusoma yote. Nikamuambia, Koko, ule mutu anarudi muzima. Akanijibu: 'Basi, mama yake afurahi. Wangu angali mu barabara.'"

Uani siku hizi hapapukuchwi kitu. Wale wanawake vita viliwatawanya, wengine sijui hata walizikwa wapi, na maharage nanunua yakiwa tayari, hayana sauti. Jana nimesoma ile sura ya mwisho. Roketi inatua kwenye majani, jasusi anashuka, anaomba sigara. Kisha nikakipekua kitabu kizima, tangu mwanzo, taratibu. Mama yake hatajwi popote.