Niliondoa ganda la bwawa la majitaka Wiyoni, akaondoka asiye na kosa

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sijaipunguza.

Nina arobaini na ushei, nilifika Form Four, na miguu yangu haijui kutulia. Nilitoka Kitale kijana. Nakuru nilipakia mbao, Mombasa nikalinda magodauni, Malindi nikapaka rangi mahoteli. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka. Mwisho nikapanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti kuingia Amu, yaani mji wa Lamu, na begi moja, nikijua nitakaa wiki mbili.

Nilikaa miaka sita.

Nilipata kazi kwenye kichinjio kimoja nje kidogo ya mtaa wa Wiyoni. Si ya kuchinja. Nilikuwa caretaker wa mabwawa matatu ya majitaka yaliyo nyuma yake.

Kwa wasiojua, maji ya kichinjio hubeba damu, mafuta na mavi ya matumboni. Ukiyaachia hivyo hivyo yanaozesha kila yanapopita. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa, vijidudu vinakula uchafu humo. La pili ni la kina kifupi, jua linaingia, maji yanakuwa ya kijani. La tatu yanatulia tu, kisha yanatoka kwenda kwenye mikoko. Hakuna mashine hata moja.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Shee, mtu wa mji wa kale, miaka sitini hivi. Mnajua nyumba za zamani za Amu huwekwa samaki wadogo ndani ya birika, lile tangi la maji la kujengwa, ili wale viluwiluwi vya mbu. Shee alitoa wa birika la kwao akawatia bwawa la tatu. Wakicheza, anafungulia maji yatoke. Wakianza kuhema juu, anafunga. Mkaguzi alipokuja na vichupa vyake, Shee alimwambia, "Hawa wangu wapumua na kula, Bwana. Hivyo vyako je?"

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Mwanaisha. Kabla ya mabwawa, damu ilimharibia kisima. Hata hivyo mabwawa yalipotajwa majirani walikataa, waliogopa harufu. Shee akasimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, akaahidi hayatanuka, na yakinuka yeye ataihama Amu. Kwa neno hilo wakakubali.

Sasa someni ujinga wangu.

Wiki moja kabla ya Idd ya kuchinja, Shee alikwenda Mbwajumali, kisiwani Pate, kumzika dada yake. Nikataka akirudi akute kazi safi. Bwawa la pili tulikuwa tukiliondoa utando kila siku ili jua lipenye. La kwanza lilikuwa na ganda nene, jeusi, la kuchukiza, na hatukuwahi kuligusa. Nikadhani ni uvivu wetu. Nikachukua reki, siku mbili, nikaliondoa lote.

Kumbe ganda lile ndilo kifuniko. Ndilo huzuia harufu. Shee hakuniambia, nadhani hakuwaza kuna mtu mzima angeligusa.

Idd ikafika na damu yake, bwawa liko wazi. Harufu ikaingia Wiyoni watu wamevaa nguo mpya, sinia ziko mbele yao. Siku ya tatu bwawa la pili likageuka rangi ya waridi, limezidiwa na uchafu. Ya nne samaki wakaelea wamekufa.

Shee alirudi siku hiyo. Akatazama bwawa, akatazama rundo la ganda kavu pembeni. Hakunigombeza. Majirani walipokuja, Bi Mwanaisha akauliza nani kafanya haya.

Nilifungua mdomo. Shee akanitangulia.

"Ni mimi. Niliagiza lisafishwe."

Nikanyamaza, wakuu. Nilijiambia yeye ni mwenyeji, watamsamehe upesi kuliko mtu wa bara kama mimi.

Hakungoja msamaha. Kesho yake alinipa funguo, akasema ganda likirudi nisiliguse, akahamia Mbwajumali kwa watoto wa dada yake. Mabwawa yalibaki kwa sababu yeye aliondoka kama alivyoahidi.

Ganda lilichukua miezi kurudi. Nikaomba samaki wengine nyumbani kwao Shee, nikawatia. Wiki ikapita wakicheza. Asubuhi iliyofuata nikafunga begi, nikapitia kwa Bi Mwanaisha, nikamwambia ukweli.

Alikuwa akiteka maji. Hakushangaa.

"Twaliyua siku ile ile," akasema. "Shee hawezi kuligusa ganda lile. Twalikuwa twakungoya wewe useme, tupate ndia ya kumzuia."

Akanipa kata ya maji ya kisima chake. Nikanywa. Yalikuwa safi.

Gatini boti ya kwenda Pate ilikuwa imefungwa kando ya ile ya Mokowe. Nilisimama kati ya boti hizo mbili muda mrefu. Nikapanda ya Mokowe, na sijarudi tena.

Nilichojifunza ni kwamba kuchelewa kusema kosa lako ni kosa la pili, na hilo halina bwawa la kulisafisha. Kama wewe ungepanda boti ya Pate, niambie ungemwambia nini, nasoma yote.

Na kama humu kuna mtu wa Mbwajumali, tafadhali, mfikishie Bwana Shee kwamba samaki niliwaacha hai.