Umejuaje, Daktari?

Nikiwasha kiberiti jikoni, ile harufu kali ya kwanza hunirudisha kijijini Mtawanya, kwenye mikorosho ya baba. Mikorosho ikichanua, baba alijifunga kanga kuukuu ya mama puani, akajitwika mashine ya kupulizia salfa, ule unga wa manjano wa kuua ukungu, akaingia shambani alfajiri. Alirudi wa manjano mpaka kope, nasi tukamcheka. Kisha alikohoa. Lakini mkulima gani wa kwetu hakukohoa miezi ile? "Salfa tu hiyo," walisema, na kweli msimu ukipita kikohozi nacho kilipita.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu Rwiza, aliyetoka Bukoba kuja kutufundisha baiolojia, hakuacha jibu lipumzike. Ukimwambia mmea unahitaji mwanga, alikunja mikono akatabasamu: "Umejuaje?" Ukisema kitabuni imeandikwa, "Na aliyeandika kajuaje?" Alitutoa nje tukaenda kuyafunika majani ya mhogo kwa karatasi nyeusi. Tulipoyafunua yakiwa yamepauka, tulishangilia kama tumefunga goli.

Nikaibeba tabia hiyo mpaka nyumbani. Baba akisema leo mvua ipo, namuuliza, "Umejuaje, baba?" Mama alinifinya, mtoto wa kike kumhoji baba yake! Baba alicheka mpaka machozi.

"Mwache, mama Somoe. Ndiyo shule hiyo."

Ukawa mchezo wetu. Niliupenda kuliko sikukuu.

Mwaka ule korosho ziliokotwa zikaisha, kikohozi kikabaki. Baba akakonda, kanzu ikamning'inia.

"Salfa, mwanangu."

"Umejuaje?"

"Si wenzangu wote wanakohoa?"

"Wenzako wameshapona, baba."

Hakucheka. Aliendelea kumenya mhogo wake. Siku chache baadaye alimwambia mama ampigie pasi kanzu, na mimi nimsindikize hospitali ya mkoa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alivuta kiti karibu. "Mzee wangu, hii si salfa. Kuna uvimbe kwenye pafu, na umeshasambaa."

"Umejuaje, daktari?"

Nilibana kicheko. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu, hapa, na hapa. Baba akaitazama sana.

"Na aliyepiga hiyo picha," aliuliza taratibu, "yeye kajuaje?"

Daktari aliishusha picha. Alimshika bega tu.

Baba hakuiona tena mikorosho ikichanua. Msibani niliwasimulia wenzangu wa darasani, nikilia na kujivuna papo hapo, jinsi alivyomhoji daktari kama mwanafunzi wa Mwalimu Rwiza. Hadithi hiyo niliendelea kuisimulia hata nilipokuwa mwalimu mwenyewe, nikiwafundisha watoto wa watu kuuliza bila woga.

Mpaka nilipokaa mbele ya daktari nikiwa nimempakata mwanangu, akanitajia ugonjwa wa mtoto, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Umejuaje?" Sikutaka kuonyeshwa kitu. Hapo ndipo nilipomsikia baba. Alikuwa anamwomba yule kijana awe hajui.